Mjini unachizika, kijijini unafungwa kamba!

Tunakujua wewe msomaji wetu. Wengine mmelinunua gazeti hili, wengine mnalisoma hapo hapo mezani kwa muuza magazeti huku mmeinamisha shingo. Haidhuru. Leo ukurasa huu hauna kashfa ya kigogo mmoja wala wawili, ingawa ukivumilia hadi mwisho utawakuta vigogo hawakosi. Leo tunakuuliza swali. Yule jamaa wa kijiweni kwenu aliyeanza kuongea peke yake, akaacha kuoga, akasema redio inamtaja jina usiku, mwisho wake mlimfanya nini?

Jibu tunalo. Wiki ya kwanza mlimcheka. Wiki ya pili mkasema amerogwa na ndugu zake kwa sababu ya biashara. Wiki ya tatu mwenye nyumba akamtolea vyombo nje. Ndipo mkachangishana nauli, mkampandisha basi alfajiri pale Mbezi, kondakta akaombwa amtupie jicho njiani, mama yake akapigiwa simu akampokee stendi. Mkarudi kijiweni mkapumua. Na yule mwingine aliyemalizwa na unga naye hivyo hivyo. Arosto ilipomzidia, na simu za watu zilipoanza kupotea, mkasema huyu apelekwe kwao akatulie.

Sasa huko "kwao" kuna nini cha kumtuliza? Hilo ndilo swali ambalo serikali ya CCM haipendi kuulizwa, maana jibu lake ni fupi. Kuna mama mzazi, kuna kamba, kuna mganga wa kienyeji, na jirani kuna anayepika gongo.

Tusije tukaambiwa tunatia chumvi. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, na zaidi ya sita katika kila kumi wako vijijini. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa na tatizo la akili la namna moja au nyingine. Basi la abiria 32, wanne. Usidhani hao wote ni waokota makopo. Ni mama ambaye tangu ajifungue hacheki na hataki kumshika mtoto. Ni mzee asiyelala. Ni kijana wa rika lako anayeona hakuna sababu ya kuamka. Waokota makopo ndio mnaowaona kwa sababu wamefika barabarani, wengine wamefungiwa ndani.

Wataalamu wa maradhi haya wapo, lakini hesabu mahali walipo. Muhimbili, Dar. Mirembe, Dodoma, iliyoachwa na Mwingereza tangu 1927. Lutindi, juu ya milima ya Korogwe, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani. Vitengo kwenye hospitali za kanda na za mikoa. Sasa mchukue mama wa bonde la Ziwa Rukwa. Mwanawe hawezi kusafiri peke yake, na akichachamaa wanatakiwa wanaume wawili wa kumshika. Hiyo ni nauli ya watu wanne kwenda na wanne kurudi, kupandisha mlima hadi Sumbawanga mjini. Akipewa dawa anashukuru Mungu. Lakini dawa za ugonjwa huu si za malaria, hazimalizwi kwa siku tatu. Ni miezi, wengine miaka, na ile sindano ya kukaa mwilini huchomwa kila baada ya wiki nne hivi. Kwa hiyo mwezi ujao nauli tena. Mwezi wa tatu anauza mbuzi. Mwezi wa nne mbuzi hakuna, dawa inakatika, ugonjwa unarudi kwa kishindo, na jirani analeta kamba.

Huyo mama usimwite katili. Kamba ndiyo wodi aliyobakiwa nayo.

Mwaka 1993 walipotuletea uchangiaji wa matibabu, mgonjwa wa akili waliandika kwenye orodha ya wanaosamehewa kulipa. Kwenye karatasi safi kabisa. Lakini kumsamehe mtu bei ya dawa ambayo zahanati haina ni danganya toto, na nauli hakuna aliyemsamehe. Mwaka 2008 Bunge likatunga Sheria ya Afya ya Akili. Safi tena. Waulize wazee wa kijiji chenu kama wameisikia.

Na mganga wa kienyeji tusimsukumie kila lawama, maana vigogo wetu wakimaliza kumkandia kwenye semina ndio hao hao wanaopiga hodi kwake nyakati za uchaguzi. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam. Kati ya watu waliokwenda zahanati, karibu robo walikutwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na hofu. Kati ya waliokwenda kwa waganga, karibu nusu! Na hapo ni mjini, kwenye zahanati kila mtaa. Mganga anakaa karibu, anasikiliza, hana foleni ya saa sita, na malipo anaweza kupokea kuku. Serikali imemwachia kazi yake halafu inamlaumu kwa kuifanya.

Watakuambia huduma hii ni ya kitaalamu mno, kijijini haiwezekani. Uongo mtupu, kwa sababu imeshawezekana. Mwaka 1960, kule Mahenge, daktari mmoja mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa. Unajua mwenyewe kifafa kinavyotazamwa vijijini. Mtu anaanguka kwenye moto na watu wanaogopa kumgusa, wanasema povu lake linaambukiza. Anakula peke yake, haoi, anaachwa afe na vidonda. Yule mama hakuwa na mashine. Silaha yake kubwa ilikuwa vidonge vya fenobabitoni, dawa iliyoingia sokoni mwaka 1912, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za bei poa kuliko zote. Watu waliokuwa wakianguka kila siku wakarudi shamba, wakaoa, wakazaa. Ilikuwa Mahenge, msomaji, ambako masika barabara ilikuwa hadithi.

Mfano wa pili ni wa serikali yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilifanyiwa majaribio ya kuishusha huduma ya akili hadi zahanati. Wahudumu wa kawaida walifundishwa kumtambua mgonjwa, kumwanzishia dawa, kumfuatilia nyumbani na kumpeleka juu akishindikana. Ilionekana wazi kwamba kazi hiyo wanaiweza. Kijana aliyezaliwa mwaka yale majaribio yanaanza leo ana watoto sekondari. Kwa hesabu yoyote ya mtu mwenye akili timamu, huduma ile ingekuwa imeshaenea nchi nzima na kuanza kuzeeka. Badala yake kila baada ya miaka michache inafanyika warsha nyingine hotelini kujadili umuhimu wa kuanza.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulisema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengi tunayaona, yamepakwa rangi na utepe umekatwa. Hata upande wa unga, Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ikafuata Mwananyamala, ikafuata Temeke. Kuna watu wako hai leo, wanafanya kazi na kulea watoto, kwa sababu ya dirisha lile. Mwenye sifa apewe.

Lakini sasa ifuatilie methadoni hadi kijijini. Dawa ile, hasa mwanzoni, mgonjwa anakunywa mbele ya mhudumu kila siku ya Mungu. Kila siku! Teja mliyempandisha basi kwenda kwao Lushoto au Kilosa mmemwondoa kwenye kituo pekee cha kumsaidia, mkampeleka mahali ambapo kesho yake arosto itamkuta kitandani kwa mama yake, bila dawa wala mtu anayejua hata jina la kitu kinachomtetemesha. Akipata nafuu kidogo atatafuta cha kujizimia. Kijijini unga hakuna. Gongo ipo, bangi ipo, na upande wa Same mirungi ipo.

Na gongo je? Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Hatukulia, vile vifuko viliwamaliza wenzetu wengi, bodaboda hasa. Ila tujiulize, mtu aliyekuwa akinywa viroba kumi kwa siku alipelekwa wapi siku ile ya Machi? Hakupelekwa popote. Alihamia gongo. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege na kufa. Ni hali ya hospitali hiyo, ina dawa zake zinazojulikana. Kwetu anakamatwa na mgambo, anatupwa mahabusu, na asubuhi akikutwa amekauka wanasema pombe imemuua. Kwenye televisheni kila mara tunaonyeshwa mashamba ya bangi yanafyekwa na kuchomwa, maofisa wamesimama kando na miwani nyeusi. Picha nzuri. Siku ambayo watatuonyesha zahanati ya kijiji ikimhudumia mvutaji tutaiweka ukurasa wa mbele, neno letu hilo.

Wimbo wa "fedha hakuna" tumeuchoka. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika, wetu akiwemo, waliahidi kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya. Hatujafika huko. Shangingi moja la mkurugenzi, na mafuta yake, lingejaza makabati ya zahanati ngapi vidonge vya fenobabitoni? Piga hesabu mwenyewe kijiweni, kalamu unayo.

Tena kuna kazi isiyotaka hata kabati. Zimbabwe, nchi yenye njaa ya fedha kuliko sisi, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua huko mbali na Harare kwa sababu mama yake hakuwa na nauli ya basi ya kumrudisha hospitali. Nauli! Mwaka 2006 daktari yule akawachukua bibi kumi na wanne wa kitongoji cha Mbare, akawafundisha kumsikiliza mtu hatua kwa hatua na kumsaidia kuchambua tatizo lake moja moja, akawawekea benchi nje ya kliniki. Mtu ana mawazo, anakaa benchini na bibi. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani, na waliokaa kwenye lile benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi bibi tunao, au tumewapeleka nje kwa mkopo? Miembe ya kukalia chini yake ipo, na wahudumu wa afya wa jamii wapo.

Tunachodai si hospitali ya ghorofa. Kila zahanati iwe na mhudumu mmoja aliyefundishwa maradhi ya akili na ulevi, aachwe hapo, asihamishwe baada ya miezi sita. Dawa za msingi za kifafa na za akili ziagizwe pamoja na za malaria, zisisubiri mfadhili. Mtaalamu wa mkoa au wilaya ashuke vijijini kwa ratiba inayobandikwa ukutani, amfuate mgonjwa badala ya mgonjwa kumfuata yeye na wanaume wawili. Na mlevi au teja anayetaka kuacha apokelewe na mtu wa afya kabla ya mgambo.

Wewe wa mjini unaingiaje? Unaingia kwa sababu bajeti ya halmashauri ya kwenu inapitishwa na madiwani, na madiwani hao wanakutegemea uwe Kariakoo wakati wanaipitisha. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitwe kila miezi mitatu. Krismasi na Idi mnajaza mabasi kwenda kwenu, mnapiga picha, mnakunywa, mnarudi. Safari hii pita zahanati. Uliza kama kuna fenobabitoni, kuna haloperidoli, kuna sindano ya kila mwezi, na nani amefundishwa kuzitumia. Uliza mara ya mwisho mtaalamu wa akili alifika lini. Kisha simama kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya diwani, uulize tena kwa sauti.

Jibu utakalopewa tuandikie, pamoja na jina la kijiji, kata na wilaya. Majina ya wagonjwa msituletee, hatuyachapi. La diwani tutalichapa, toleo kwa toleo, na nafasi ya kujibu atapewa kwenye ukurasa huu huu.