Pikapu kuukuu za dizeli: uimara wake watokana na nini?

Tangu mwaka 2018 Uganda imepiga marufuku kuingizwa nchini magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Kenya kwa muda mrefu imeshikilia kikomo cha miaka minane, nayo Tanzania, ambayo haikuchagua njia ya marufuku, huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Lengo linalotajwa ni kupunguza moshi na kuziepusha nchi hizi na kugeuzwa jaa la magari yaliyochoshwa kwingineko. Hata hivyo, msafiri aendaye Kasulu kutoka Kigoma, au Lodwar kutoka Kitale, bado atapishana na pikapu zilizoundwa miaka ya 1980 na 1990, zimesheheni mahindi, mbuzi na abiria, zikipanda milima taratibu kwa ule mgongo wa dizeli unaosikika kabla gari lenyewe halijaonekana.

Sheria hizo hulenga gari linaloingia kupitia bandarini au mpakani. Lile lililokwisha kusajiliwa haziligusi, na kadiri kuagiza jingine kunavyokuwa ghali, ndivyo mwenye nalo anavyozidi kulikarabati. Swali linalopaswa kuulizwa, basi, ni kwa nini injini hizo hukubali kukarabatiwa kwa muda mrefu kiasi hicho, ilhali zile mpya mara nyingi hazikubali.

Pikapu ya dizeli ilijipatia nafasi baada ya mishtuko ya bei ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979. Kampuni ya Toyota, iliyoanza kuuza Hilux mwaka 1968 ikiwa na injini ya petroli, ililitia gari hilo injini ya dizeli mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndipo ulipoingia ukoo wa injini unaotambulishwa kwa herufi L. Mafundi wa Afrika Mashariki huzitaja injini hizo kama watajavyo majirani: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, na 5L ya lita 3. Isuzu nazo zikaunganishwa Nairobi, na Peugeot 504 ikawa gari la shamba na la abiria nchini Kenya. Mwaka 1987 wapiganaji wa Chad, wakitumia pikapu za Toyota, waliyashinda majeshi ya Libya yaliyokuwa na vifaru, na sifa ya magari hayo ikavuka mipaka ya mashamba na masoko. Mwaka 2003 kipindi kimoja cha televisheni ya Uingereza kililizamisha Hilux la dizeli katika maji ya bahari, kikalitia moto, kisha kikaliweka juu ya jengo lililobomolewa, na gari likawaka tena. Ilikuwa burudani nzuri, ingawa haimwelezi mkulima injini yake itadumu miaka mingapi.

Maelezo yamo katika pampu na nozeli. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hugandamizwa mpaka ikawa moto wa kutosha kuiwasha dizeli inaponyunyizwa. Katika injini kama 2L, pampu huzungushwa na injini yenyewe, na dizeli hunyunyizwa katika chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi kabla ya moto kusambaa juu ya pistoni. Hakuna kompyuta. Umeme unahitajika kupasha joto plagi, kuzungusha stata na kufungua vali ndogo inayoruhusu dizeli kupita, basi. Nozeli hufunguka kwa mgandamizo wa takriban baa 150. Ni mgandamizo wa kadiri, kwa hiyo matundu yake si membamba mno, na punje ya vumbi au tone la maji huleta hasara ambayo fundi mwenye spana na mashine ya kupimia nozeli anaweza kuirekebisha.

Injini za kizazi kipya hufanya kazi kwa namna nyingine. Dizeli huwekwa tayari katika bomba moja lenye mgandamizo mkubwa, na kompyuta huamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Mgandamizo huo hupindukia baa 1,000, na katika injini za karibuni hufika 2,000. Faida yake haibishaniwi. Injini ya Hilux ya lita 2.4 iliyotoka mwaka 2015 hutoa nguvu za farasi zipatazo 150, wakati 2L, yenye ujazo unaokaribia kuwa uleule, hutoa zaidi kidogo ya 80. Lakini nozeli ya namna hiyo haisamehe dizeli chafu, na ikiharibika kwa kawaida hubadilishwa nzima.

Hapa ndipo mjadala wa umri wa magari unapokutana na mjadala wa mafuta. Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya cha salfa katika dizeli, kisichozidi sehemu 50 kwa kila sehemu milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Salfa, hata hivyo, ni moja tu ya maadui. Mafuta ya taa yanayochanganywa na dizeli kwa tamaa ya faida, yaani uchakachuaji, hupunguza ulainishaji wa pampu, nayo pampu huitegemea dizeli hiyohiyo ili isisagike. Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2018 ziliongeza kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Mzigo ukaangukia pia kaya zilizokuwa zikipikia na kuwashia taa kwa mafuta hayo, jambo ambalo watunga kodi hawakulipa uzito unaostahili.

Haifai, lakini, kuzifanya injini za zamani kuwa malaika. Injini za L huendesha pampu na vali kwa mkanda wa taimingi, na mmiliki asiyeubadilisha kwa wakati anaweza kujikuta na vali zilizopinda. Zile za lita 2.4 zilizofungwa turbo zilijulikana kwa kupasuka silinda hedi joto likizidi. Aidha, anayehesabu pikapu za mwaka 1988 zilizopo barabarani leo anahesabu zilizonusurika. Zilizokufa zimelala nyuma ya gereji na hakuna anayezisimulia. Sehemu ya sifa hiyo ni ya mafundi wa mitaani, waliozifungua injini za aina moja kwa miaka 40 mpaka mikono yao ikazizoea.

Upande wa pili, upya si dhamana. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba mfumo wa kuchuja masizi katika magari zaidi ya 260,000 ya dizeli ya Toyota, yakiwemo Hilux yaliyouzwa kati ya mwaka 2015 na 2020, ulikuwa na kasoro. Mabishano ya rufaa yaliyofuata yalihusu kiasi cha fidia. Ikiwa kichujio kilisumbua katika nchi yenye dizeli safi na gereji zenye kompyuta, ni halali kuuliza kitafanyaje Mpanda.

Moshi nao si wa kupuuzwa. Mwezi Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni wachuuzi wa kando ya barabara, makondakta na waendesha bodaboda, wala si wenye magari.

Mkanganyiko huo hauwahusu wakulima peke yao. Mfano ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, bila turbo, iliyoanzishwa mwaka 1990. Australia iliachana nayo mwaka 2007, lakini barani Afrika magari mapya yenye injini hiyo yameendelea kununuliwa zaidi ya miaka 30 baada ya kuzaliwa kwake. Miongoni mwa wateja wake ni mashirika ya misaada na yale ya Umoja wa Mataifa, ambao shirika lake la mazingira, lenye makao Nairobi, lilikuwa mstari wa mbele kuzihimiza serikali za Afrika kusafisha dizeli.