Darubini kubwa, risasi ya bastola

Leo naipumzisha siasa, nataka kugombana na wawindaji wa Marekani. Wana bunduki moja ya risasi mojamoja, unaivunjia katikati kama shotgun ya babu. Mfano ni Handi-Rifle, ambayo H&R waliacha kuitengeneza 2015. (Sisi waandishi kila chenye mtutu tunakiita SMG, lakini hiyo ni ngomvi ya siku nyingine.) Msifikirie gobore, ni chuma cha kiwandani, ila inakula risasi ya bastola, .357 Magnum. Safi kabisa. Sasa jamaa anainunua kwa bei poa halafu anaibandika darubini ya kukuza mara 14, eti apate shabaha ya mbali. Mbali ipi?

Hebu tupige hesabu. Risasi hiyo ya greni 158 hutoka kwenye bastola kwa kasi ya kama mita 380 kwa sekunde. Kwenye mtutu mrefu inafika kama 550. Lakini ni fupi na nene, hewa inaikaba, ikifika mita 100 imesharudi kwenye mwendo wa bastola. Ukiirekebisha ipige katikati kwa mita 100, kwenye 200 imeshuka zaidi ya nusu mita. Darubini itakuonyesha kope za kulungu, risasi itamvunja mguu, naye ataenda kufia vichakani. Hiyo ndiyo shabaha jamani?

Na kuna jimbo kama Indiana, mashamba tambarare na nyumba za watu, ambalo mwaka 2007 liliruhusu bunduki ndefu za risasi za bastola kwa kulungu huku zile za risasi kali zikiendelea kuzuiwa. Wewe unafunga kioo cha kilomita!

Kinachoharibu shabaha hapa mara nyingi si kioo. Ni triga nzito. Ni ule ubao wa mbele unaoshikwa na skrubu moja: ukiukandamiza au kuuegemeza vibaya, risasi inahama. Wajanja wanaweka kipete cha mpira kwenye skrubu hiyo, hela ya soda tu. Na ukichanganya na .38 Special, ambazo zinaingia humo humo, usishangae zikipiga kwingine.

Fungeni ya mara nne, au ya mbili hadi saba, ambayo ukiishusha unaona kichaka kizima. Chenji nunulieni risasi, mkafanye mazoezi mita 50, 75, 100. Kulungu akisimama 180, mwacheni ale majani yake.