Wagiriki Wanautaka Upinde, Mwenye Upinde Wanamwacha Kisiwani!

KILA kiangazi kule Ugiriki, Ijumaa na Jumamosi jioni, misururu ya magari inaelekea Epidaurus, kwenye ule ukumbi wa mawe wenye umri wa zaidi ya miaka 2,300. Maelfu ya watu wanakaa juu ya mawe, jua linazama, tamthiliya inaanza. Staa wa msimu anatokea. Anachechemea. Au macho yamefungwa kitambaa chenye damu ya rangi, mkono unapapasa hewani, sauti inatetemeka. Ukumbi kimya, hata kikohozi hakisikiki.

Mwisho wa onyesho ni makofi dakika nzima. Kesho yake magazeti yanamwaga sifa: staa kajitoa mhanga, staa kakaa wiki kadhaa na watu wasioona akijifunza kushika fimbo, staa hajawahi kuigiza hivi tangu azaliwe.

Sawa, hongera zake. Swali ni moja tu: huyo asiyeona aliyemfundisha staa kushika fimbo, mbona yeye hayupo jukwaani?

Hili si swali la wivu. Nchi hii ndiyo inayojisifu kwamba imeupa ulimwengu tamthiliya, na tamthiliya zenyewe zimejaa watu wenye ulemavu toka mwanzo hadi mwisho. Mfalme Oedipus, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kama Mfalme Edipode katika tafsiri ya S. S. Mushi, jina lake lenyewe maana yake ni mtu mwenye miguu iliyovimba. Alitobolewa vifundo vya miguu akiwa kichanga, na ukubwani akajitoboa macho kwa mkono wake. Nani anamwambia ukweli ambao wenye macho wote wa Thebes hawauoni? Tiresias, mzee kipofu. Ukiwatoa hao jukwaani, ile fahari ya Wagiriki inabaki na nini?

Halafu yupo Philoctetes. Huyu ndiye kesi yenyewe.

Sophocles alimpeleka jukwaani mwaka 409 kabla ya Kristo, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, na akachukua ushindi wa kwanza. Kisa chenyewe ni hiki. Jeshi linakwenda vitani Troy. Njiani Philoctetes anaumwa na nyoka mguuni. Kidonda kinaoza, kinanuka, na yeye anapiga mayowe ya maumivu. Wakubwa wanaona kero. Wanamtelekeza kisiwani Lemnos akiwa peke yake na upinde wake. Miaka inapita, vita haviishi, ndipo wanaambiwa na mtabiri: bila upinde wa yule mlemavu mliyemtupa, Troy haianguki ng'o! Basi Odysseus anarudi kisiwani na kijana mmoja, na mpango wake si kuomba radhi. Mpango ni kumlaghai mgonjwa, upinde uchukuliwe. Mwenyewe atajua pa kwenda.

Miaka zaidi ya 2,400 imepita na mchezo ni ule ule. Jukwaa linakitaka kilema, halimtaki kiwete. Linautaka upofu, halimtaki kipofu. Linataka mayowe ya maumivu, ila yapigwe na mtu ambaye onyesho likiisha atapanda ngazi mbili mbili kwenda kula samaki na marafiki.

Ukiwauliza wenye jukwaa, majibu yao yanajulikana.

Jibu la kwanza: "Kuigiza ni kuigiza. Kwani lazima uwe muuaji ndo uigize muuaji?" Hili linatolewa na waongozaji wenye majina makubwa, na linasikika kama la busara. Tena ni kweli! Lakini kama kuigiza ni kuigiza, mlango ufunguliwe pande zote mbili. Ni lini dada anayetumia kiti cha magurudumu aliitwa usaili wa nafasi ya wakili, au mke anayedanganywa na mumewe, au malkia? Ni lini kiziwi alipewa nafasi ya mpenzi, na uziwi wake usiwe ndiyo hadithi? Mwenye miguu anaruhusiwa kuigiza kila kitu, pamoja na asiye na miguu. Asiye na miguu haruhusiwi kuigiza chochote, hata nafsi yake. Hiyo si sanaa, ni upendeleo uliovaa joho la sanaa.

Jibu la pili: "Hawana mafunzo." Hapa ndipo mtu anaweza kucheka kwa uchungu. Kwa miaka mingi kanuni za kuingia shule za maigizo Ugiriki zilimtaka mwombaji awe na kitu kinachoitwa "artimeleia", yaani viungo kamili. Wasanii wenye ulemavu wakalalamika miaka na miaka. Yaani mtu anafungiwa mlango wa shule kwa funguo, halafu akifika kwenye usaili anaulizwa cheti kiko wapi! Na hata neno lenyewe likishafutwa kwenye karatasi, limebaki kwenye macho ya wanaokaa meza ya usaili.

Tena kuna kumbukumbu ambayo haiko mbali. Desemba 2022 serikali ya Ugiriki ilitoa amri ya rais namba 85, ikaweka vyeti vya shule za maigizo daraja moja na cheti cha sekondari katika ajira za umma. Wasanii wakawaka moto. Mwanzoni mwa 2023 waliandamana na kugoma, wanafunzi wakayakalia majengo ya shule zao. Walikuwa na haki kabisa. Mtu asome miaka mitatu halafu aambiwe hana kitu? Haikubaliki. Lakini kati ya wale waliolia kwamba cheti chao kimedharauliwa, ni wangapi walishawahi kulia kwa ajili ya mwenzao ambaye hakuruhusiwa hata kukigusa hicho cheti?

Jibu la tatu: "Majengo yetu ni ya kale, tufanyeje?" Hili nalo lina uzito wake, mawe ya kale si ya kubomoa. Ila mwishoni mwa 2020 Akropolisi ya Athens, mwamba wenye umri kuliko kumbi zote hizi, ilizinduliwa lifti mpya ya watu wenye ulemavu. Kumbe inawezekana. Kwa mtalii anayetaka kuona mawe, inawezekana. Na tatizo si la Epidaurus peke yake. Athens imejaa vijumba vya maonyesho vilivyo chini ya ardhi au kwenye maghala ya zamani, na humo hakuna Sophocles wala Pericles wa kusingiziwa. Hata palipotengwa nafasi ya kiti cha magurudumu, imetengwa upande wa watazamaji. Njoo ulipe, ukae, upige makofi. Mlango wa nyuma, ule wa wasanii, una ngazi.

Jibu la nne halisemwi hadharani, linanong'onwa: "Watu wanakuja kuburudika, hawaji kuhuzunika." Hivi watu wanaokwenda kumtazama mama akiua watoto wake katika Medea wanakwenda kuburudika kivipi?

Haki isemwe, si wote wamelala. Wapo viziwi wa Ugiriki wenye kundi lao la maigizo kwa lugha ya alama. Athens kuna THEAMA, Thessaloniki kuna En Dynamei, ambapo vijana wenye ulemavu na wasio na ulemavu wanafanya kazi jukwaa moja. Katika dansi wapo Dagipoli. Onassis Stegi ya Athens ilikuwa mmoja wa washirika wa mradi wa Ulaya ulioanza 2018 wa kuwapandisha jukwaani wasanii wenye ulemavu. Basi ile hoja ya kwamba "hawapo" imekufa. Wapo, wanajulikana, na namba zao za simu zinapatikana. Kinachotakiwa sasa ni kuwapigia.

Tena kuwapigia simu si tarehe 3 Desemba tu, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, ambapo kila mtu anapiga nao picha. Wapigiwe Januari, kazi za kiangazi zinapogawanywa. Na malipo yawe mshahara, siyo nauli na chupa ya maji eti kwa sababu "ni mradi wa kijamii". Msanii mwenye ulemavu naye analipa kodi ya nyumba, tena yenye lifti, ambayo ni ghali zaidi.

Na wahakiki wapunguze asali. Kila mwenye ulemavu akipanda jukwaani anaandikiwa "ujasiri", "somo la maisha", "tulitokwa machozi". Mbona hawaandiki kuhusu sauti yake, jinsi anavyotua mstari, alivyomfunika au alivyofunikwa na mwenzake? Mpeni naye haki ya kuchemka! Msanii ambaye haruhusiwi kuboronga hajachukuliwa kuwa msanii, amechukuliwa kuwa mgonjwa anayetembelewa.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna anayekisema. Yupo katika kila jiji mkongwe wa jukwaa, jina kubwa, umri umekwenda. Goti limegoma. Masikio hayashiki vizuri. Mistari inamtoka. Je, anaambiwa hana viungo kamili? Wapi! Anawekewa kiti katikati ya jukwaa, mwongozaji anapanga upya njia zote za kuingilia, kijana anasimama pembeni kumkumbusha maneno. Watu wanasema hiyo ndiyo heshima, na kweli ni heshima. Kumbe jukwaa linajua kumpisha mtu mwenye ulemavu. Linalifanya kila mwaka, ilimradi ulemavu umemkuta akiwa tayari ni staa.

Waswahili walishasema: hujafa hujaumbika. Staa anayechechemea kwa kuigiza leo, kesho anaweza kuchechemea kweli. Siku hiyo atatamani akute mlango wa nyuma una njia ya mteremko, na meza ya usaili ina watu wanaosikiliza sauti badala ya kuhesabu vidole.

Yule kijana wa kwenye tamthiliya, Neoptolemus, alishaupata upinde mkononi. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini aibu ilimshika, akamrudishia mwenyewe mbele ya macho ya Odysseus, bosi wake. Sophocles aliwaandikia Wagiriki jibu zamani hizo, na kila kiangazi wanalipigia makofi, kisha wanawasha magari wanarudi nyumbani.

Basi staa mkubwa atakayepewa nafasi ya kipofu au kiwete msimu ujao, kabla hajasaini, amuulize mwongozaji swali moja dogo: ni wasanii wangapi wenye ulemavu walioitwa kwenye usaili wa nafasi hii? Kama jibu ni hakuna, upinde huo si wake. Aurudishe.

Mdau, wewe unasemaje? Kuigiza ni kuigiza, au kuna watu wanaachwa kisiwani?