Kabla ya kuogopa kompyuta, tazama waya wa nje

Mama mmoja wa Natta, wilayani Serengeti, ameniletea swali ambalo safu hii ya afya haikuwahi kulipata. Mwanawe wa kidato cha tatu ameweka kwenye kompyuta ya nyumbani programu yenye mistari ya rangi inayoteremka kama mvua kwenye kioo. Ameiunganisha na redio ya masafa mafupi aliyopewa na mjomba wake. Anasema pembeni yanatakiwa yatokee maandishi yanayofanana na namba za magari, yanayoanza na 5Z, 9Q au A4. Hayatokei. Kijana anakesha, asubuhi anasinzia, na amevuta waya kutoka dirishani hadi juu ya mti. Mama anauliza: ni kamari ya mtandaoni? Ni matapeli? Nimzuie?

Shikamoo mama. Si kamari, na hakuna anayemwomba namba ya siri. Nitakueleza ni nini, na kwa nini huenda haishiki. Kisha nitakuomba ulitazame jambo moja ambalo wewe umelitaja kwa kupita tu, lakini mimi ndilo lililonishtua.

Anachokitafuta mwanao kinaitwa redio ya ridhaa. Kama ilivyo kwa ndondi za ridhaa, wanaoifanya hawalipwi. Wanaifanya kwa mapenzi, ila wanapotaka kutuma wanahitaji leseni. Zamani walizungumza kwa sauti au kwa kugonga alama za Morse. Siku hizi wengi wanaiachia kompyuta: redio inapokea milio, programu inaisoma na kuandika maneno. Mtindo unaotumika sana unaitwa FT8. Ulitolewa mwaka 2017 na Wamarekani wawili, Joe Taylor na Steve Franke. Huyo Taylor ni profesa wa fizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, kwa kazi yao juu ya nyota. Programu yenyewe inaitwa WSJT-X na ni ya bure. Kijana aichukue kwenye tovuti ya mradi wenyewe, asiichukue kwenye kurasa zinazomtaka ajisajili au kulipia.

Zile herufi za mwanzo ni za nchi. 5H ni sisi Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo, A4 Oman. Kila ujumbe una herufi chache tu: nani anaita, yuko wapi, anakusikia kwa nguvu kiasi gani. Hakuna picha na hakuna soga za siri. Mtu anayemtafuta mtoto wa kumrubuni angechoka mapema kwa njia hii.

Sasa, kwa nini haishiki? Mwiteni kijana mkae wote mbele ya hiyo kompyuta.

Anzeni na saa. FT8 inakwenda kwa mafungu ya sekunde 15. Kila anayetuma huanza sekunde ya 0, 15, 30 au 45, na mlio wake hudumu sekunde 12.64. Kompyuta ya nyumbani iliyokaa wiki kadhaa bila intaneti huchelewa au kuwahi sekunde kadhaa, na ikipishana na wenzake kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, programu haisomi kitu hata kama redio inapiga vizuri. Washeni bando la simu kwa dakika moja, unganisheni kompyuta, kisha mwingie kwenye mpangilio wa saa na kuiamuru ijirekebishe. Saa za eneo ziwe za Nairobi, ndilo jina ambalo Windows inalitumia kwa Afrika Mashariki. Maandishi yakianza kutokea, kuna safu imeandikwa DT. Kama namba zake zote zinaelekea upande mmoja, tuseme 1.4, 1.5, 1.3, ujue saa yenu bado haijakaa sawa.

Msishangae kuona programu inaonyesha saa nyingine kabisa. Inatumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Ikionyesha 18:00, kwetu ni saa 3 usiku. Nimefurahi kugundua kwamba kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hesabu ni nyepesi: toa 3 kwenye namba ya programu, 18 inabaki 15, toa tena 12 unapata 3.

Baada ya saa, tazameni redio yenyewe. Redio nyingi tunazosikilizia taarifa ya habari, hata zikiwa na masafa mafupi, haziwezi kazi hii. Inatakiwa yenye swichi au kitufe kilichoandikwa SSB, au LSB na USB. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa: USB ya kwenye redio haihusiani na tundu la flashi. Ni namna ya kupokea mawimbi, na FT8 inatumia hiyo. Kama redio ya mjomba haina kitufe hicho, hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoiokoa, na ni afadhali kijana alijue hilo leo kuliko kukesha mwezi mzima. Kama kipo, aweke 14.074 MHz mchana na jioni, au 7.074 MHz giza likiingia.

La tatu ni sauti kuingia kwenye kompyuta. Windows ina ruhusa ya maikrofoni, na ikizimwa programu inabaki kiziwi bila kulalamika. Iwasheni. Pia kompyuta nyingi za sasa zina kitu cha kupunguza kelele ili sauti yako isikike safi kwenye simu za video. Kwa FT8 hicho ni adui, kwa sababu hiyo milio ndiyo kinayoiona kama kelele na kuifuta. Kizimeni. Kama hamna waya wa kuunganisha, iwekeni redio karibu na maikrofoni ya kompyuta, chumba kikiwa kimya. Inafanya kazi. Kwenye kona ya chini kushoto ya programu kuna kipimo cha rangi ya kijani. Redio ikitoa mvumo tu bila stesheni, kisimame karibu na 30. Kikiwa 0, sauti haiingii. Kikiwa chekundu, punguzeni sauti ya redio.

Halafu chomoeni chaja. Chaja za simu, taa za LED za bei nafuu na vile visanduku vya sola vinatoa kelele inayozima kila kitu. Tumieni betri ya kompyuta na mjaribu tena. Kwa hili nyie wa Natta mna bahati kuliko mtu anayeishi katikati ya jiji la Mwanza, aliyezungukwa na chaja za majirani.

Programu pia itauliza mko wapi, kwa herufi na namba za ramani ya wanaredio. Karibu Tanzania yote inaanzia na KI, na Mara yote imo humo. Kompyuta yenyewe haihitaji kuwa mpya. Ile iliyostaafu ofisini inatosha.

Hayo ndiyo ya kompyuta, na mama, sikuyaona kuwa na hatari kwa mtoto. Kinachonitisha ni ule waya.

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi. Mchana jua linapasha ardhi, mawingu yanapanda, na alasiri ngurumo zinaanza upande wa nchi kavu; usiku zamu inakuwa ya ziwani. Januari 2025 wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, walifariki kwa radi wakiwa shuleni. Hawakuwa na antena wala kompyuta. Sasa fikiria waya wa shaba unaotoka juu ya mti, unaingia dirishani, unaishia kwenye redio iliyo sentimita chache kutoka mkono wa mtoto. Radi haihitaji kuupiga huo waya wenyewe. Ikipiga karibu tu, umeme unaweza kupita humo.

Kwa hiyo weka sheria ya nyumba, na usiilegeze kwa sababu kijana amepata Japani kwa mara ya kwanza. Asubuhi akiona mawingu yanajikusanya, waya unachomolewa kwenye redio na kutolewa nje kabisa ya nyumba, mbali na ukuta. Kuuacha sakafuni chini ya meza hakusaidii. Ngurumo zikishaanza asiushike tena, hata kama amesahau kuuchomoa. Redio ikiungua ni hasara ya fedha. Mkiona mwanga, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, hapo nje si mahali pa mtu. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Najua kwetu bado kuna wanaosema radi hutumwa na jirani mbaya. Hata anayeamini hivyo achomoe waya.

Hatari nyingine ni nyaya za TANESCO. Waya wa antena usivuke juu yake wala chini yake, na usitundikwe mahali ambapo ukikatika unaweza kuziangukia. Kwa kupokea tu, waya wa mita 10 unatosha kabisa, na hauna haja ya kupanda juu sana. Urefu wa mtu mzima aliyenyoosha mkono utamwonyesha kijana dunia ya kutosha. Mti wa kupanda kwa ngazi si wa lazima.

Usingizi ni rahisi kurekebisha, kwa sababu mwanao anakesha bila sababu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. WSJT-X haihitaji mtu wa kuitazama. Kila inachosoma inakiandika kwenye faili liitwalo ALL.TXT, pamoja na saa. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, anga likiwa safi, aiwashe saa 3 usiku, azime kioo, alale. Asubuhi afungue faili aone nani alipita. Msimu wa mvua asiiache usiku. Afanye Jumamosi asubuhi, 14.074 iko wazi na mama uko macho.

Masikio nayo yatapumzika. FT8 inasoma milio iliyofifia kiasi kwamba sikio halitambui kuna kitu, hivyo kuvaa hedifoni na kuongeza sauti hakumsaidii chochote. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya mtoto isizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na mvumo wa redio ya masafa mafupi kwenye hedifoni unaweza kuupita huo wastani upesi.

Mwandishi wa afya ameingiaje huku? Watu wa redio na watu wa hospitali wametembea pamoja muda mrefu. Wazee wa Mara wanaikumbuka simu ya upepo. Flying Doctors, walioanzishwa mwaka 1957 na leo wako chini ya Amref, walizitegemea redio za masafa mafupi kujua ni hospitali gani ya misheni ina mgonjwa wa kubebwa na ndege. Januari 1990 ilirushwa setelaiti ndogo ya UoSAT-3, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ikiwa na mitambo ya wanaredio wa ridhaa. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, likaitumia kupitishia barua na makala za tiba za madaktari wa Afrika, Tanzania ikiwemo, wakati ambapo barua pepe ilikuwa hadithi. Daktari aliandika kwenye kompyuta, kompyuta ikaunganishwa na redio, redio ikasubiri setelaiti ipite juu ikabidhi mzigo. Kwa jinsi ilivyofungwa, haikuwa mbali na hicho kilicho mezani kwako Natta.

Kuhusu kutuma, hapo msimamo ni mmoja. Kupokea hakurushi kitu hewani. Kutuma bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, hata kama mjomba ataleta redio yenye uwezo huo, na hata kama rafiki wa mtandaoni atasema hakuna anayefuatilia. Kwenye programu kuna kitufe cha Enable Tx. Kwa sasa kijana asikiguse. Leseni hutolewa na TCRA, wenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Akikaa miezi kadhaa anapokea, akaweza kukueleza kwa maneno yake kila herufi kwenye kioo ina maana gani, nendeni naye mkaulize masharti. Kabla ya hapo mnunulie atlasi, abandike karatasi kila nchi anayoipata.

Na huo waya mama, kama wakati unasoma hapa bado uko dirishani na mawingu yanakuja, simu iweke chini kwanza.