Bukavu: Anayejua kanuni ya avenyu yake tu hajajua dame

Kila jioni Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Ibanda na Bagira, vijana kwa wazee wanazunguka ubao wa dame, vifuniko vya chupa vikiwa ndio kete. Na mara nyingi mchezo haumaliziki. Mmoja anapaza sauti: "Kwetu haichezwi hivyo!" Pesa ya dau inagombaniwa, ubao unapinduliwa, majirani wanaachana bila salamu.

Wengi wanalaumu hasira za vijana. Wanakosea. Kosa ni kiburi cha kusema kanuni ya avenyu moja ndiyo dame yenyewe.

Ukweli ni huu. Katika dame ya kimataifa ubao una miraba 100, kila mchezaji ana kete 20. Kete inakula mbele na nyuma, kula ni lazima, na penye njia mbili ni lazima kufuata ile inayokula nyingi. Waingereza wanacheza kwenye miraba 64, kete 12. Kete yao ya kawaida haili nyuma, na mchezaji anachagua njia ya kula.

Hiyo si tofauti ndogo. Anayecheza kwa kanuni ya kimataifa anaweza kutoa kete mbili sadaka, akijua mpinzani hana ruhusa ya kukataa, kisha akala nne. Apeleke mtego huo mahali ambapo asiyekula anapulizwa tu, yaani anaondolewa kete moja na mchezo unaendelea: mpinzani atakubali kupulizwa, na mtego umekufa. Vilevile kete iliyokwisha kupita ya adui iko salama kwa Waingereza; kwa kanuni ya kimataifa inaweza kuliwa kwa nyuma. Akili ni ile ile, lakini hesabu ni nyingine.

Kuna wanaojibu kwamba kupuliza ni urithi wa wazee. Vema, urithi ubaki. Lakini urithi unaotajwa tu wakati mtu anashindwa si urithi, ni ujanja.

Msenegali Baba Sy alikabili mabingwa wa Ulaya kwa kanuni za kimataifa. Mwaka wa 1986, yeye akiwa amekwisha kufariki, shirikisho la dunia lilimtambua kuwa bingwa wa dunia wa 1963. Kijana wa Bukavu mwenye kipaji kama hicho atafika wapi, ikiwa nje ya avenyu yake anakuwa mwanafunzi wa kwanza?

Dawa haihitaji pesa. Kabla ya kete ya kwanza, maswali manne yajibiwe mbele ya watazamaji: kete inakula nyuma? Kula ni lazima? Kula nyingi ni lazima? Dame inaruka mbali? Kisha ichezwe michezo miwili, mmoja kwa kanuni ya mwenyeji, wa pili kwa ya mgeni. Atakayeshinda yote miwili, huyo ndiye aitwe fundi.