Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ndege wa Vuli na Bwawa la Nairobi

Wapenzi wa Kiswahili wanajua kwamba neno vuli hubeba maana mbili. Kwetu Afrika Mashariki, vuli ni mvua fupi inyeshayo kati ya Oktoba na Disemba. Watafsiri nao hulitumia neno lilo hilo kwa majira ya kupukutika kwa majani huko Ulaya. Maana hizi mbili huunganishwa na kiumbe mmoja: ndege ahamaye. Baridi ianzapo kubisha hodi kaskazini na wadudu wakaadimika, yeye hufunga safari. Afikapo kwetu, mvua i karibu na kumbikumbi wanajiandaa kutoka ardhini. Makala hii inadai kwamba wageni hawa ni haki ya mkazi wa Kibera na Kawangware kama walivyo haki ya mtalii, na kwamba haki hiyo haitakuwa na maana iwapo hatutayaokoa maji na viwanja vya wazi ambamo ndege hutua.

Wageni wenyewe ni akina nani? Yuko mbayuwayu wa Ulaya na Asia, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, ambaye huonekana juu ya mapaa ya mabati kuanzia Septemba hadi Aprili. Yuko kitwitwi atembeaye ukingoni mwa mto huku akitikisa mkia. Wako kozi wadogo watokao kaskazini mwa China na Siberia, ambao huvuka Bahari ya Hindi na kupita Kenya mwezi wa Novemba na Disemba wakifuata mvua. Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi. Walikuwako walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji. Mwaka 1822, huko Ujerumani, alipatikana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika shingoni, na ushahidi ukawa wazi. Ulaya ilipata jibu lake kupitia kwa mwindaji wa Kiafrika ambaye jina lake halijulikani. Ni ajabu basi kwamba leo utazamaji wa ndege huhesabiwa kuwa shughuli ya kigeni.

Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na sehemu kubwa ya aina hizo imewahi kuonekana Nairobi. Utaratibu wa kuwatazama nao si mpya. Jumuiya ya elimu ya viumbe ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1909, na tangu 1971 Bi. Fleur Ng'weno amekuwa akiongoza matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege jijini. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, maarifa mengi yaliyokusanywa yamehifadhiwa kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya viwanja vyenye utulivu na miti ipo mbali na makazi ya walio wengi. Kawangware inapakana na Lavington. Ndege huruka mpaka huo bila kubisha, lakini upande mmoja hukuta bustani na miti mirefu, na upande wa pili vibanda vilivyobanana na vijito vilivyojaa taka.

Kibera nayo inasimulia historia yake kwa jina lake lenyewe. Wanubi, askari waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na jamaa zao, waliiita Kibra, yaani msitu. Msitu ulikwisha, jina likabaki. Kando yake, mwaka 1953, lilijengwa Bwawa la Nairobi liwe hifadhi ya maji ya jiji. Hulishwa na Mto Motoine, na mto huo ukishatoka bwawani huitwa Ngong. Wapo Wanairobi wanaokumbuka mashua za tanga na wavuvi juu ya maji hayo. Kisha taka na majitaka yakaingia, udongo ukajaa, na katika miaka ya 1990 gugumaji likaenea hadi maji yasionekane. Bata maji na mdiria huhitaji maji yaliyo wazi. Mahali palipofunikwa kabisa hawana la kufanya. Tusiwalaumu wakazi: hakuna aliyechagua kukaa mtaa usio na mabomba ya majitaka.

Kuna watakaosema kwamba mtu mwenye njaa hatazami ndege. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, dalili zinazomfukuza ndege ndizo zinazomuua mtoto: maji machafu, mitaro iliyoziba, mazalia ya mbu. Palipo salama kwa kitwitwi, aghalabu ni salama zaidi kwa binadamu pia. Pili, kutazama ndege hakuna kiingilio. Ni burudani ambayo maskini angeweza kuwa sawa na tajiri, laiti angeachiwa mahali pa kusimama.

Mahali hapo ndipo penye mgogoro. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame. Wengi walibomolewa nyumba bila kujua pa kwenda. Je, ardhi iliyoachwa wazi kwa machozi hayo itakuwa ya nani? Ikiwa baada ya miaka michache itaota maghorofa yenye kuta ndefu, basi maskini atakuwa ameondolewa kwa jina la mto ili tajiri aukalie. Wangari Maathai alitufundisha, Uhuru Park mwaka 1989 na Karura mwaka 1999, kwamba uwanja wa umma usio na watetezi hunyakuliwa mchana kweupe.

Wasomi wa Kiswahili tufanye nini? Kwanza, tudai kwamba bwawa na kingo za mito zipimwe, mipaka itangazwe, na waliohamishwa wapewe makao. Pili, tuunge mkono juhudi ndogo zilizopo. Kounkuey Design Initiative pamoja na vikundi vya wakazi wamekwisha kujenga viwanja vya umma kando ya mto Kibera, nayo ni ithibati kwamba jambo hili linawezekana. Tatu, tutimize wajibu wetu wa lugha. Tunayo majina mazuri: yangeyange, kulastara, kwarara, mdiria, keremkerem. Tuyakusanye kutoka kwa wazee wa Pwani na wa bara, tuyachapishe pamoja na picha, tuyapeleke katika shule za Kibera na Kawangware. Siku ya Ndege Wahamao Duniani, iliyoanza mwaka 2006, huadhimishwa Mei na Oktoba. Chama chetu kiiadhimishe ya Oktoba ukingoni mwa Bwawa la Nairobi, kwa Kiswahili, pamoja na wenyeji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa vuli huja kila mwaka bila kualikwa. Uponyaji wa mwenyeji, hata hivyo, hautaletwa na mbawa zake. Utaletwa na mwenyeji mwenyewe, siku atakapokataa kwamba taka na ukuta ndiyo mandhari aliyoandikiwa.