Mshauri asiyefungamana na upande

Ukuta wa nyumba ukipiga nyufa, jambo la kwanza tulifanyalo wengi wetu ni kumwita fundi. Fundi huja, hugonga ukuta, hutikisa kichwa, kisha hutamka kwamba lipu yote haina budi kubanduliwa na kupigwa nyingine ya saruji. Papo hapo hutaja bei, na papo hapo huomba nusu yake. Mtu mmoja amekuwa tabibu na muuza dawa, na mwenye nyumba hana wa kumuuliza kama maradhi yenyewe ndiyo hayo.

Hatuwalaumu mafundi. Visiwa vyetu vina waashi na maseremala wa kuonea fahari. Tunachokipinga ni utaratibu wa kumwachia anayelipwa kwa kuiondoa kasoro ndiye awe mwamuzi wa kasoro hiyo.

Tuchukue nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, na sakafu zake za ghorofani zimelala juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa. Chokaa huyaachia yatoke. Saruji huyafungia ndani. Mwenye nyumba huuona ukuta wake umenyooka na kupendeza, kumbe ndani chumvi na unyevu vinaendelea na kazi yao, na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinaoza bila ya kuonekana. Lipu ikija kuanguka, huanguka pamoja na vipande vya ukuta, na pengine fundi yule yule ndiye atakayeitwa tena.

Saruji hupendwa kwa sababu ipo katika kila duka na hukauka upesi. Chokaa yataka kulowekwa mapema, kupigwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka kungojewa. Fundi aliyepatana kwa kazi nzima ana haraka ya kwenda kwenye kazi nyingine. Huo si ubaya wa moyo, ni hesabu. Ndiyo maana anayeshauri apaswa kuwa mtu ambaye ujira wake haupungui wala hauzidi, ikichaguliwa chokaa au saruji, fundi huyu au yule.

Sote twakumbuka tarehe 25 Desemba, 2020, pale sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilipoporomoka ilhali matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatulitaji hilo ili kumtia mtu hatiani. Twalitaja kwa kuwa lilidhihirisha kwamba kuligusa jengo la kale ni jambo la roho za watu.

Mshauri tunayemkusudia huikagua nyumba, kisha huandika kazi zote zinazohitajika, pamoja na vipimo na vifaa. Karatasi hiyo moja hupelekwa kwa mafundi watatu. Bila ya karatasi hiyo, mmoja hutoa bei ya tabaka mbili, mwingine ya tatu, huyu kahesabu majukwaa na yule hakuyahesabu, nasi huchagua bei ya chini tukidhani tumelinganisha. Mshauri pia huenda kuzitazama kwa macho yake kazi ambazo fundi alizimaliza na zikapitiwa na masika kadhaa, si picha za simu. Malipo nayo hufuata hatua za kazi, na sehemu yake huzuiwa hadi mvua ipite.

Tutaambiwa kwamba visiwani sote ni ndugu. Mshauri atakuwa shemeji wa fundi, na fundi mjomba wa jirani. Ni kweli, wala hatumtafuti mtu asiye na jamaa. Twataka aseme mapema ni nani jamaa yake, na atie saini kwamba hapokei cha juu kutoka kwa fundi yeyote. Tutaambiwa pia kwamba mjane hana fedha za mshauri. Lakini nyumba nyingi za Mji Mkongwe hukaliwa na jamaa kadhaa chini ya dari moja; wakichanga, ujira wa ukaguzi mmoja hauwashindi, na sheha aweza kuwakutanisha.

Kwa maofisa tuna neno zaidi. Katika Mji Mkongwe matengenezo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, na nyumba nyingine ziko katika amana ya Kamisheni ya Wakf. Afisa wa kibali hulinda sura ya mji. Mfuko wa mkaazi haumo katika kazi yake. Iwepo basi orodha ya washauri iliyo wazi kwa kila mwananchi, na afisa anayemwelekeza mkaazi kwa fundi "wake" achukuliwe hatua.

Ng'ambo na mashamba nako, ambako nyumba ni za matofali ya saruji, kuna haja hiyo hiyo: mchanga wa pwani wenye chumvi hula nondo, na mwenye nyumba haujui mchanga ulikochotwa.

Wakati mwema wa kumwita mshauri ni masika yenyewe, dari inapovuja na ukuta unapotokwa jasho. Kazi ianze kipupwe, mwezi wa Juni, karatasi ikiwa tayari mkononi.